Alama 11 za Jina: Uhakiki wa Kitafutio cha Nyaraka za Python

Nyaraka za lugha ya programu husomwa kwa kudonoadonoa. Ni nadra mtu kuzianza ukurasa wa kwanza akazimaliza. Msomaji huandika neno moja katika kisanduku cha kutafutia, husoma aya mbili tatu, kisha hurudi kwenye kazi iliyomkwamisha. Orodha ya matokeo anayoiona hapo katikati haikuandikwa na mhariri yeyote. Huundwa papo hapo na programu fupi inayoendeshwa ndani ya kivinjari chake, na programu hiyo ndiyo huamua lipi litangulie na lipi lizikwe. Programu ya namna hii ni matini. Ina watunzi, ina muundo, ina mambo inayoyasema waziwazi na mengine inayoyanyamazia. Inastahili kuhakikiwa.

Matini ninayoihakiki ni faili la JavaScript liitwalo searchtools.js, ambalo huambatana na kila tovuti iliyojengwa kwa Sphinx. Sphinx ni kifaa kilichoanzishwa na Georg Brandl kwa ajili ya nyaraka za Python, zilipohamishwa kutoka LaTeX. Python 2.6 na 3.0, zote za mwaka 2008, ndizo zilizotoka kwanza na nyaraka zilizojengwa kwa kifaa hicho. Tangu hapo miradi mingi mingine imekitumia, na kitafutio chake kimekwenda nacho. Kwa hiyo kosa dogo la upangaji katika faili hili ni kosa la maelfu ya tovuti.

Hoja yangu ni hii: udhaifu wa kitafutio hiki hautokani na namba zake kuwa mbaya. Unatokana na fani yenyewe. Kimejengwa kwa kujumlisha alama, ilhali maswali ya wasomaji wa nyaraka yanataka majibu yapangwe kwa daraja. Na marekebisho yaliyokifaa zaidi katika miaka ya karibuni ni yale yaliyoipa kisogo fani ya kujumlisha, hata pale ambapo hayakusema hivyo.

Faharasa inayosafiri

Tuanze na malighafi. Nyaraka za Sphinx ni kurasa tuli: zikishajengwa, hakuna seva inayofikiri nyuma yake. Mtu akitafuta neno, swali lake halijibiwi na seva yoyote. Kivinjari hupakua faharasa nzima ya nyaraka na kuipekua chenyewe.

Uamuzi huo una faida ambazo mhakiki mwadilifu hana budi kuzitaja kwanza. Mwenye tovuti halipii seva ya utafutaji. Maswali ya msomaji hayarekodiwi na mtu wa tatu. Tena faharasa hiyo haikuhifadhiwa kama data tupu; imefungwa ndani ya mwito wa JavaScript. Kivinjari huzuia ukurasa uliofunguliwa kutoka diskini usichote faili la data lililo pembeni yake, lakini huuruhusu kupakia hati ya JavaScript. Kwa hila hiyo ndogo, aliyepakua nyaraka za Python mara moja anaweza kutafuta ndani yake bila mtandao kabisa. Kwa msomaji anayehesabu bando, hilo si jambo dogo.

Lakini kinachosafiri lazima kiwe chepesi, na wepesi una gharama. Ndani ya faharasa, kila neno la maandishi limeandikiwa orodha ya kurasa linamopatikana. Basi. Haikuandikwa limetokea mara ngapi katika ukurasa huo, wala limetokea mwanzoni au katika tanbihi, wala liko karibu na neno gani. Ukurasa unaoeleza fankshoni ya print kwa kina na ukurasa ulioitaja mara moja katika mfano wa msimbo, mbele ya faharasa hii ni sawa kwa sawa. Hapa ndipo mjadala wa upangaji unapoanzia. Hakuna hesabu, hata iwe ya werevu kiasi gani, inayoweza kutofautisha vitu ambavyo faharasa imevifanya kuwa kimoja.

Kuna jambo moja ambalo faharasa inalijua na kitafutio hakilitumii. Urefu wa orodha ya kurasa unaonyesha neno ni adimu au limezagaa. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones alionyesha kwamba neno adimu hubeba uzito mkubwa kuliko neno lililozagaa, na fikra hiyo imekuwa nguzo ya utafutaji wa matini hadi leo. Sphinx inayo namba hiyo mkononi bila kuongeza hata baiti moja. Hata hivyo, tusiisifu tiba hiyo kupita kiasi. Msomaji wa nyaraka mara nyingi huandika neno moja tu, na kwa swali la neno moja uadimu wake ni uleule kwa kila ukurasa. Hausaidii kuchagua kati yao. Kwa maswali mafupi, dawa haimo katika takwimu za maneno.

Jedwali la alama

Moyo wa matini ni jedwali fupi la namba. Swali likilingana kikamilifu na jina la kitu cha lugha, yaani fankshoni, moduli au kinginecho, kitu hicho hupata alama 11. Swali likiwa ni kipande tu cha sehemu ya mwisho ya jina, alama ni 6. Juu ya hapo huongezwa alama za kipaumbele: 15 kwa vitu muhimu, 5 kwa vya kawaida, na kwa visivyo na umuhimu hupunguzwa 5. Neno likiwa katika kichwa cha ukurasa ni 15; kipande cha neno katika kichwa ni 7. Neno likiwa katika maandishi ya kawaida ni 5. Kipande chake ni 2.

Ukilisoma haraka, jedwali lina busara. Jina hushinda kichwa, kichwa hushinda maandishi, kamili hushinda kipande. Ndivyo hata mkutubi angepanga. Lakini lisome polepole uone jinsi busara hiyo ilivyofungwa kwa uzi mwembamba. Fankshoni ya kawaida iliyotajwa kwa jina lake kamili hupata 11 na 5, jumla 16. Ukurasa wenye neno hilohilo katika kichwa hupata 15. Tofauti kati ya kitu chenyewe na ukurasa uliolibeba neno hilo katika kichwa chake, pengine kwa maana nyingine kabisa, ni alama moja. Hakuna sentensi katika matini inayoeleza kwa nini ni moja na si kumi. Msomaji wa msimbo hawezi kujua kama ni uamuzi au ni ajali.

Hilo ndilo tatizo la fani ya kujumlisha. Mtunzi alikuwa na kanuni ya daraja kichwani, yaani jina kwanza, kichwa baadaye, maandishi mwisho. Badala ya kuiandika kanuni hiyo kama ilivyo, aliitafsiri kuwa namba, kisha akaziachia namba zikutane zenyewe. Ni kama mwalimu anayejumlisha alama za hisabati na za usafi wa sare ili apate mwanafunzi bora wa hisabati: jumla itatoka, lakini haitajibu swali lililoulizwa. Kanuni iliyofichwa ndani ya namba haionekani inapovunjika. Ukipandisha 11 iwe 14 ili kurekebisha swali moja, hujui umeharibu mangapi mengine.

Kisa cha open

Tuitazame kanuni ya majina ikifanya kazi katika neno moja ambalo kila mwanafunzi wa Python hulitafuta mapema: open, fankshoni ya kufungulia faili. Ni fankshoni iliyomo ndani ya lugha yenyewe. Haihitaji moduli yoyote. Lakini maktaba sanifu ya Python imejaa vitu vingine vinavyoishia na jina hilo: bz2.open, codecs.open, dbm.open, gzip.open, io.open, lzma.open, os.open, tarfile.open, wave.open, webbrowser.open, na vingine.

Kanuni inasema: jina likilingana kikamilifu na swali, au sehemu ya mwisho ya jina baada ya nukta ikilingana kikamilifu, toa 11. Angalia neno "au" hapo. Linaweka katika kapu moja kitu kinachoitwa open na kitu kinachoitwa bz2.open. Vyote 11, vyote 5 za kawaida, vyote 16. Alama zikilingana, matini ina kanuni ya mwisho ya kuvunja sare: alfabeti. Kwa kanuni za jina peke yake, basi, bz2.open inatangulia, codecs.open inafuata, na fankshoni ambayo pengine ndiyo iliyotafutwa inasubiri zamu ya herufi o, baada ya lzma na kabla ya os.

Alfabeti ni namna nzuri ya kupanga majina katika daftari. Kama hoja ya umuhimu, haisemi chochote. Inashangaza zaidi kwamba jibu liko wazi ndani ya data ileile. Swali lenye herufi nne limelijaza jina open lote, katika bz2.open limejaza nusu. Kuhesabu nukta zilizomo katika jina, au urefu wake, kungetosha kuitenganisha fankshoni ya lugha na jamaa zake wa mbali. Kigezo hicho hakihitaji faharasa kubwa zaidi wala hesabu nzito. Kinahitaji tu nafasi katika mpangilio, baada ya "je, jina linalingana?" na kabla ya alfabeti. Fani ya kujumlisha haina nafasi ya namna hiyo. Kila kigezo kipya hulazimika kugeuzwa alama na kuingia kugombana na alama nyingine zote.

Maneno yaliyopuuzwa

Kisa cha pili ni kikali zaidi. Kabla ya kutafuta katika maandishi, matini hutupa maneno ya Kiingereza yanayoonekana kuwa hayana maana: the, of, to na kadhalika. Mila hii ni ya zamani katika utafutaji wa matini na kwa gazeti ina mantiki. Lakini ndani ya orodha ya Sphinx ya maneno ya kupuuzwa yamo and, as, for, if, in, is, not, or na with. Hayo tisa yote ni maneno ya msingi ya Python yenyewe. Mwanafunzi anayeanza lugha hii hukutana nayo siku ya kwanza: namna ya kurudia hatua, namna ya kuweka sharti, namna ya kukanusha. Orodha iliyotungwa kwa ajili ya lugha ya watu ikawekwa mbele ya lugha ya mashine bila kuulizwa kama inafaa.

Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha kama si ya kuudhi. Neno for lilipotupwa katika utafutaji wa maandishi, lilibaki katika utafutaji wa majina ya vitu, na huko kipande cha jina kinatosha kupata alama 6. Kwa hiyo aliyeuliza kuhusu for aliletewa str.format, os.fork, datetime.isoformat na sys.platform, kwa kuwa yote yana herufi hizo tatu tumboni. Alama za opereta nazo hazikuwa na bahati: hatua ya kuligawa swali katika maneno huhifadhi herufi na tarakimu, na karibu vyote vingine huvidondosha. Opereta iliingia kwenye kisanduku, ikatoka hewa tupu.

Tiba iliyokuja ndiyo sehemu ya kuvutia kuliko zote katika historia ya matini hii. Haikutoka katika hesabu. Waandishi wa nyaraka za Python kwa miaka mingi walikuwa wakiweka vidahizo vya faharasa ndani ya maandishi yao, kama vile vya nyuma ya kitabu, na walikuwa na desturi ya kutia alama ya mshangao mbele ya kidahizo kinachoelekeza kwenye maelezo makuu ya jambo. Fungua chanzo cha ukurasa unaoeleza kauli changamano za Python. Juu ya sehemu ya for kuna kundi dogo la vidahizo: for ina alama ya mshangao, in, iliyo mstari wa chini yake, haina. Kwa nukta hiyo moja ya wino mwandishi amesema: hapa ndipo nyumbani kwa for, in imepita tu kusalimia.

Kwa muda mrefu kitafutio hakikuyasikia maneno hayo. Kilipokuja kufundishwa kuvisoma vidahizo, ambavyo hulinganishwa na swali zima bila kuchujwa na orodha ya maneno ya kupuuzwa, for ilipata nyumba yake. Kidahizo kinacholingana na swali herufi kwa herufi hupewa 100, na alama hupungua kadiri kidahizo kinavyokuwa kirefu kuliko swali.

Tazama sasa fani ilivyoanza kupasuka. Katika jedwali ambalo jina kamili ni 11 na kichwa ni 15, ghafla kuna 100. Si uzito tena. Ni amri iliyovaa nguo za namba. Kilichofuata kinathibitisha. Ilipoonekana kwamba vidahizo visivyo na alama ya mshangao vinapanda juu na kuwafunika wenye haki, watunzi hawakupunguza alama zao. Waliviweka katika kundi lake, wakalipanga kando, kisha wakaliweka chini ya matokeo mengine yote. Hata kidahizo chenye 100 kikiwa cha kundi hilo hukaa chini ya ukurasa wenye 2. Alama zimenyamazishwa, na daraja imechukua mahali pake. Watunzi walifika mahali ambapo kujumlisha hakukuweza kusema walichotaka kusema, wakatumia mpangilio. Nadhani walikuwa sahihi, na kwamba wangeweza kuanzia hapo.

Mizizi inayokatwa

Kabla ya kulinganisha maneno, matini huyakata mikia ili yafanane: strings huwa string, classes huwa class. Kanuni za ukataji zinatokana na zile zilizochapishwa na Martin Porter mwaka 1980 kwa ajili ya Kiingereza. Katika maandishi ya kawaida zina manufaa. Katika nyaraka za Python zinagusa mahali penye kidonda. Kwa kanuni hizo, iterator, iterable na iteration yote hukatwa hadi iter, na iter yenyewe ni jina la fankshoni ya Python. Vitu vinne ambavyo mwalimu yeyote wa lugha hii hutumia nusu saa kuvitofautisha ubaoni, faharasa imevifanya kuwa neno moja. Anayetafuta tofauti kati ya iterable na iterator ameulizia tofauti ambayo kitafutio kimekwisha kuifuta.

Na wasomaji wa Kiswahili? Sphinx ina kanuni za utafutaji kwa lugha kadhaa, zikiwamo Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kituruki, Kijapani na Kichina. Kiswahili hakimo. Lugha isiyokuwamo hupewa kanuni za Kiingereza kimyakimya. Atakayeandika nyaraka za programu kwa Kiswahili kwa kifaa hiki atapata kitafutio kinachopuuza the na of, lakini kinachoweka na, ya na kwa katika faharasa kwa kila ukurasa. Kanuni za Porter zitaikata e ya mwisho ya chapishe na kuiacha a ya chapisha, kisha zitayaona kuwa maneno mawili yasiyohusiana. Viambishi vya mbele, ambavyo ndivyo vinavyobeba nafsi na njeo katika vitenzi vyetu, havitaguswa kamwe: kuchapisha, inachapisha na huchapisha yatakuwa maneno matatu.

Hapa matini ina kipengele kinachoweza kutuokoa, na namna inavyokitumia inaonyesha tena udhaifu wa fani. Kile kipengele cha alama 2, yaani kulinganisha kipande cha neno, kingeweza kumpatia anayetafuta chapisha kurasa zote zenye kuchapisha na inachapisha. Lakini kimewekewa sharti: hufanya kazi pale tu ambapo neno kamili halimo katika faharasa. Ukurasa mmoja ukiandika chapisha bila kiambishi, kama amri katika mfano, mlango wa vipande hufungwa, na kurasa nyingine zote hutoweka katika matokeo. Hazishushwi, hazionekani kabisa. Kwa Kiingereza, ambacho hukatwa mikia mapema, hasara ni ndogo. Kwa Kiswahili, sharti hilo linageuza upangaji kuwa ufutaji. Namna ya daraja ingekuwa nyepesi: neno kamili juu, kipande chini, vyote vionekane.

Mfano wa rustdoc

Daraja si ndoto ya mhakiki. Kitafutio cha rustdoc, kinachotumika katika nyaraka za lugha ya Rust, nacho huendeshwa ndani ya kivinjari, lakini kimetungwa kwa fani nyingine. Hakijumlishi. Kina msururu wa maswali yanayoulizwa kwa zamu kuhusu kila jozi ya matokeo. Je, jina la mmoja linalingana kamili na swali na la mwingine hapana? Kama ndiyo, yameisha. Kama sivyo, ni lipi lililo karibu zaidi na swali kwa kuhesabu herufi zinazohitaji kubadilishwa? Kama bado ni sare, je, mmoja ameshastaafishwa na waandishi wa lugha? Aliyestaafishwa ashuke. Jina fupi hutangulia refu. Mwenye maelezo hutangulia asiye na maelezo. Huendelea hivyo hadi mwisho wa msururu.

Uzuri wa fani hii ni kwamba inasomeka. Anayeuliza kwa nini tokeo hili liko juu ya lile anaweza kuonyeshwa mstari uliotoa uamuzi. Anayetaka kuongeza kigezo huamua kikae baada ya kipi, na vilivyo juu yake havitikisiki. Maneno ya msingi ya Rust yana kurasa zake katika maktaba sanifu, kwa hiyo for ni kitu chenye jina kama vitu vingine, na msururu una nafasi maalumu kwa ajili ya kurasa za namna hiyo. Tangu toleo la 1.48 la Novemba 2020, mwandishi anaweza pia kukipa kitu jina la pembeni, ili aliyetoka katika lugha nyingine akitafuta kwa jina alilolizoea akipate. Ni sauti ya mwandishi tena, kama alama ya mshangao ya Python, na imesikika mapema zaidi.

Lakini rustdoc si mtakatifu. Hutafuta majina na aina za vitu. Maandishi ya maelezo haiyapekui. Anayejua anachotaka kufanya lakini hajui kinaitwaje atapewa majina yaliyofanana na swali lake kwa herufi, hata kama kwa maana hayakaribiani. Sphinx, pamoja na kasoro zake zote, humruhusu mtu huyo kuuliza kwa maneno ya kawaida na kupata ukurasa. Tena msururu una ukali wake: kigezo kikiwekwa juu kimakosa, vilivyo chini yake havipati nafasi ya kujitetea, ilhali katika jumla hata mnyonge huchangia alama yake.

Kwa hiyo sidai kwamba kujumlisha kufutwe. Maandishi marefu huhitaji kupimwa kwa uzito, na wapo wanaofanya hivyo ndani ya kivinjari: maktaba ya lunr, inayotumiwa na MkDocs, kifaa kingine cha kujengea tovuti za nyaraka, hupima kurasa kwa kanuni ya BM25, inayozingatia wingi wa neno katika ukurasa na uadimu wake kwa jumla. Ninachodai ni kwamba majina na maandishi ni mashahidi wa aina mbili, na ushahidi wao hauwekwi katika mizani moja. Majina yapangwe kwa daraja. Maandishi yapimwe kwa uzito, chini ya majina. Ndani ya daraja la majina, jina kamili litangulie sehemu ya mwisho ya jina, jina fupi litangulie refu, kilicho hai kitangulie kilichostaafishwa, na alfabeti iitwe tu pale ambapo hakuna hoja nyingine iliyobaki.

Neno kwa wanaotunza nyaraka

Hukumu yangu juu ya searchtools.js ni ya wastani. Ni matini nyofu, fupi, inayofanya kazi bila seva na bila mtandao, na namba zake zinaonyesha kwamba mtunzi alijua msomaji anatafuta nini. Kasoro yake ni kukificha alichokijua ndani ya jumla, kiasi kwamba kila kizazi cha marekebisho kimelazimika kukikisia upya. Kila kitafutio hiki kilipopata nafuu ya kweli, nafuu hiyo ilitoka kwa mwandishi wa nyaraka aliyesema waziwazi lipi ni kuu.

Kwa hiyo rai yangu kwa wanaotunza nyaraka za lugha yoyote ni mbili. Kwanza, wekeni alama. Kama kifaa chenu kina vidahizo vikuu au majina ya pembeni, vitumieni, kwa sababu hakuna hesabu itakayojua kuliko ninyi nyumbani kwa for ni wapi. Pili, andikeni orodha ya maswali pamoja na jibu linalopaswa kutangulia, mkaiendeshe kila kitafutio kinapoguswa. Rustdoc ina majaribio ya namna hiyo katika hazina yake ya msimbo, na Sphinx nayo sasa ina majaribio ya kitafutio chake. Anzeni na maneno ambayo mwanafunzi huuliza wiki ya kwanza: open, for, in, print, list. Kitafutio kikishindwa hapo, msihangaike na namba, badilisheni mpangilio.